Vipande Mia Mbili kwa Saa Mbili

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia hata siku moja, lakini shati lake lilikuwa na mifuko minne na kalamu katika kila mfuko, na mtaani hiyo ilitosha. Saa nne asubuhi alikuwa ameketi mlangoni pa ofisi yake, mara akamwona Mama Picha, mpiga picha za harusi, anakuja mbio na kompyuta mpakato kifuani. Mtu mzima, mkoba mnono, tena ana haraka! Injinia akaona riziki imejileta yenyewe kwa miguu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha! Mkanda wa harusi umeingia ukungu, bibi harusi anaonekana kama katumbukia kwenye uji. Wenyewe wanautaka saa sita."

"Basi umefika."

Chumbani makasha sita ya kompyuta yalikuwa yakimetameta taa. Matano yalikuwa matupu, ila mteja angejuaje? Injinia akamweleza habari za mtandao, na hapo, tumtendee haki, hakudanganya. Kompyuta za watu mbalimbali zimeungana, hazina bosi. Kazi inaandikwa ina vipande vingapi na inatakiwa ndani ya muda gani. Vipande vikiwa vingi, bei kubwa. Muda ukiwa mfupi, bei inapaa. Anayeipokea kazi anaweka dhamana kulingana na bei hiyo. Akimaliza kwa wakati, anapata malipo na dhamana yake anarudishiwa. Akichelewa hata dakika moja, mtandao wenyewe unampa mwenye kazi vyote viwili, wala hakuna wa kumlilia.

Akaupima mkanda. Vipande kumi. Akavaa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Pole sana, mama. Ni vipande mia mbili."

"Mia mbili! Haya, andika mia mbili. Wewe ndiye mjuzi."

Aliitikia kwa upole kiasi kwamba mtu mwenye haya angeona haya. Injinia aliona njaa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Bei ya vipande mia mbili ilidai dhamana ya vipande mia mbili, na mifukoni mwake mlikuwa na kalamu tu. Ila kwenye simu kulikuwa na pesa za mama yake mzazi, alizompa wiki iliyopita akanunue mabati. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mama huyo, na mvua zilikuwa zimekaribia. Roho ikamsuta. "Saa mbili tu," akaibembeleza, "zitarudi na wenzao." Akabonyeza kukubali. Mama Picha naye akabonyeza.

Vipande kumi vikaingia, mashine yake pekee iliyo hai ikaanza kuvitafuna. Injinia akaanza kupiga mluzi. Kikaingia cha kumi na moja. Cha ishirini. Cha hamsini. Mluzi ukakata.

"Mama, mbona vinaongezeka?"

"Si umeandika mia mbili? Humu nina mikanda ya harusi ya miaka kumi na tisa, mwanangu. Nikasema nafasi nimeilipia, kwa nini ikae bure?"

Injinia akaikimbilia kibodi. Kuvigawa kwa mashine nyingine za mtandao? Kwa haraka ile kila mmoja alitaka bei ya kuua, na pesa zote zilikuwa zimelala kwenye dhamana.

"Washa na zile tano," Mama Picha akamshauri.

"Zile... zimepumzika."

"Ziamshe, bwana!" Akainuka, akafunua kasha la kwanza, akatoa soksi. Akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Hii nayo huwa inachakata nini?"

Saa sita kamili simu ikalia mlio mfupi. Vipande ishirini na vitatu vilikuwa tayari, dhamana ilikuwa imekwenda zake. Jamani, mwenye kuingiza watu mjini siku hiyo aliingizwa yeye, tena ofisini kwake.

"Ahsante kwa hivyo ishirini na vitatu," Mama Picha akasema akifunga kompyuta yake. "Bibi harusi sasa anaonekana mpaka hereni."

Injinia alizunguka mitaani mpaka saa tisa akitunga uongo wa kumpelekea mama yake. Alitunga wezi, akatunga ajali, yote akaona aibu nayo. Atamwambia nini? Mvua itamnyeshea mama wa watu kitandani kwa ajili yake! Machozi yakamlenga. Akaamua kusema kweli, jambo ambalo hakulizoea, na alipokaribia nyumbani akasikia nyundo.

Fundi alikuwa juu ya paa. Ukutani yaliegemezwa mabati mapya ishirini. Chini walikaa mama yake na Mama Picha wakicheka mpaka wanashikana mabega.

"Mama, nisamehe, zile pesa..."

"Zimefika," mama akamkata. "Nilikutuma mara tatu ukawa unanizungusha, nikamtuma shoga yangu. Huyu yupo kwenye huo mtandao wako toka wewe hujui kushika kipanya. Chukua nyundo upande juu. Mabati ishirini, mpaka saa kumi na moja."

"Na nikichelewa?"

Mama akaonyesha sahani iliyofunikwa juu ya kigoda. "Dhamana yako ile pale."

Mama Picha alikwisha kunawa mikono.