Kifaa cha Kuita Wageni

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Mvua tangu alfajiri. Wageni wangu leo: hakuna. Nikimhesabu mbuzi aliyejikinga barazani, mmoja. Hata yeye, mvua ilipokatika, aliondoka.

Ng'ambo ya barabara, kwa Mukuna, watu saba! Nimewahesabu nikiwa nyuma ya pazia. Bulaimu, tunayeswali naye bega kwa bega tangu ujana, amepita mbele ya mlango wangu, amenipungia mkono, ameingia kwa Mukuna. Huyu Mukuna ni fundi wa zamani wa treni, mtu wa Kasai, Mkristo, anacheka kama mabehewa yanavyogongana. Mwaka jana nyonga yake ilivunjika, sasa anatembea na magongo. Wote wanakaa pale wanakunja mikono ya shati. Joto, labda.

Nimewaza mchana kutwa. Mukuna ana nini ambacho Asumani hana? Magongo! Mgonjwa hutembelewa, ni wajibu wa dini. Lakini mimi ni mzima kupita kiasi, alhamdulillahi. Miaka hamsini na miwili, meno yote. Nani atakuja kumwona mtu mwenye meno yote?

Ugonjwa anatoa Mungu. Kifaa kinapatikana kwa wachuuzi. Nitajichagulia kimoja cha kukaa nacho nyumbani. Na sitasema uongo. Sitasema naumwa. Nitakuwa nacho tu. Watu wana macho.

Nimefuta kiti cha Hawa. Tangu tuoane viti humu ni viwili, wangu na wake. Huu mwaka wa pili tangu tumzike, na hakuna aliyekikalia. Nakifuta kila Jumatatu hata hivyo.

Jumanne, 6 Aprili

Mchuuzi Donatien amefika kutoka Kampene na gunia lake. Majina ya Kizungu namna hiyo serikali imetuambia tuyaache. Yeye anasema kwenye kitambulisho ameliacha, sokoni bado.

Amepanga vitu juu ya mkeka: mali ya Wazungu wa mgodi waliorudi kwao. Nimechagua kama mtu anayechagua kitambaa cha Idi. Kipimajoto: kidogo mno. Kinakaa kwapani, nani atakiona akiwa barabarani? Mpira wa kutia maji ya moto: mwekundu, mzuri, lakini hapa ni Kindu, joto tupu! Kola ngumu ya shingo: nimeivaa, nikashindwa kuona hata kandambili zangu. Nitasujudu vipi? Magongo: yanaonekana toka mbali, na yanasikika. Nimechukua magongo.

Alitaka redio yangu. Nimempa. Kila asubuhi ilikuwa nyimbo za chama tu.

Akiondoka ameniuliza ni mguu gani. Nilikuwa sijafikiria. Ameshauri nichague mapema na nisibadilishe, maana watu wa mtaa wetu wa Mikelenge wanakumbuka. Nimechagua wa kushoto.

Jumatano, 7 Aprili

Asubuhi nimenyoosha mkono kufungua redio. Meza tupu. Nyumba nzima kimya. Baadaye nimejikuta naimba wimbo wa chama mwenyewe, mpaka ubeti wa mwisho.

Nimetoka na magongo. Nimeanguka kwenye tope mbele ya watu. Kwapa zinawaka moto. Mukuna amepaza sauti toka barazani kwake:

"Mzee Asumani, unatembea sawa muntu anabeba ngazi!"

Akacheka, mabehewa kumi. Kisha akaacha kucheka. Akasema magongo yangu ni marefu mno, nivuke, ana msumeno, atayakata sasa hivi. Wivu! Anataka magongo yake yawe marefu kuliko yangu. Nimemjibu nayapenda hivi hivi.

Watu watatu wameuliza mguu umepatwa na nini. Nimejibu: "Ni huu." Si uongo. Wamesema pole, wakaenda zao. Pole ya barabarani! Hakuna aliyefika kwenye kiti.

Hawa angecheka. Hapana. Kwanza angenifulia shati, ndipo acheke.

Ijumaa, 9 Aprili

Siku mbaya.

Msikitini nafasi yangu ni safu ya kwanza, kati ya Bulaimu na Sudi. Leo wameona magongo, wamenihurumia, wameniwekea benchi nyuma kabisa, karibu na viatu. Bulaimu mwenyewe ndiye aliyelibeba. Nimeswali nimekaa. Kushoto kwangu ukuta, kulia kwangu kandambili za watu.

Sikujua jambo moja mpaka leo. Tangu Hawa aondoke, bega la Bulaimu siku ya Ijumaa ndilo kitu pekee chenye uhai kinachonigusa.

Nimerudi na dhambi kifuani. Mtu mzima wa miguu yote miwili, kuswali amekaa! Nimefunga mlango, nimesimama wima, nimeswali upya, rakaa nne. Nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, na kushoto ni dirisha. Nimelisahau dirisha! Mukuna yuko kwenye kiti chake ng'ambo, ananitazama.

Amegeuza uso. Hakucheka. Mukuna asiyecheka! Nimekwisha. Kesho mtaa mzima utajua.

Jumamosi, 10 Aprili

Mtaa haujui. Anangoja nini?

Leo salongo, kazi ya lazima ya wananchi wote. Mkuu wa mtaa ametazama magongo yangu akaniambia nipumzike, mwananchi. Ushindi wa kwanza! Nimekaa barazani kama gavana.

Wao wamesafisha mtaro mpaka kona. Walikuwa wanataniana. Sudi alitumbukia, wakamvuta kwa kelele. Halafu wamekaa kwenye majani, wakala muhogo na karanga. Toka kwangu nilisikia vicheko tu, maneno hayakufika.

Barabara nzima tumebaki wawili, mimi barazani kwangu, Mukuna barazani kwake. Akainua gongo kunisalimu. Nami nikainua langu. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua kumi na tano. Lakini nitamwendeaje mtu aliyeona siri yangu?

Kazi ilipokwisha Bulaimu alipita na jembe begani. Nikamkaribisha. Akaomba radhi, anawahi kwa Mukuna kupimwa tansiyo, presha ya damu. Kumbe binti wa Mukuna, Kabedi, alimtumia mashine toka Lubumbashi, ile ya kufunga mkononi na kupuliza! Mtaa wote unapimwa pale! Ndiyo sababu ya kukunja mashati!

Siyo magongo hata kidogo. Siku nne kwapa zangu zinaungua bure.

Jumatatu, 12 Aprili

Mguu umepona. Nimewatangazia watu, wamesema alhamdulillahi. Wawili wameuliza kama haukuwa wa kulia.

Donatien alikuwa bado mjini. Mashine ya tansiyo anayo: kitambaa cha mkononi, bomba, mpira wa kupuliza. Nimeuliza saa yake iko wapi, ile ya kuonyesha namba. Amesema kwa mtu mwenye akili saa inachanganya kichwa tu. Magongo amekubali kuyarudisha, ila hayatoshi. Akatupa macho ndani. Akataka kiti.

Nilisimama mbele ya kiti muda mrefu. Nilikuwa nimeshakifuta asubuhi. Nikamwambia Hawa kimoyomoyo: nakitoa kwa ajili ya wageni, na wewe ulipenda wageni kuliko mimi.

Amekibeba kichwani. Sikumsindikiza.

Jumanne, 13 Aprili

Msikitini nimetangaza kwamba Asumani pia anapima. Bulaimu amekuja! Bulaimu, nyumbani kwangu!

Amesimama mlangoni anatafuta pa kukaa. Hapo ndipo nimeelewa nilichotoa. Nikampa kiti changu, nikapima nimesimama. Nikapuliza. Sikujua mwisho wa kupuliza uko wapi, kwa hiyo nilitazama uso wake badala ya saa. Ulipobadilika rangi niliacha. Akauliza ni ngapi. Nikamwambia inatosha. Inatosha ngapi? Nikamwambia, kwa umri wako, inatosha.

Akataka tuzungumze kidogo kama zamani. Akainuka kunipisha kiti, nami nikakataa, naye akakataa kukaa peke yake. Tukabaki wima wote wawili kama abiria wa treni iliyochelewa. Baadaye akaaga.

Akavuka kwa Mukuna. Akatoka mara moja! Nikamwita nimuulize. Mpira wa mashine ya Mukuna umepasuka tangu jana, joto limeula, hapimi tena. Ushindi! Wageni wa Mukuna leo: hakuna. Nimehesabu nyuma ya pazia hadi alasiri. Hakuna, hakuna, hakuna.

Mukuna alikaa barazani anatazama barabara. Sijui kwa nini niliacha kuhesabu.

Jumatano, 14 Aprili

Baada ya alasiri nimesikia gongo, kisha kitu kinakokotwa, kisha gongo. Ni Mukuna! Anavuka barabara, na mbele yake anasukuma kwa gongo kreti tupu ya bia. Hatua kumi na tano zilimchukua muda wa kuchemsha chai. Nilijua, maana nilikuwa naichemsha.

Amesema amesikia kwangu hakuna kiti cha mgeni, amekuja na chake. Kreti ya bia katika nyumba ya Mwislamu! Nimeitandikia mkeka haraka kabla mtu hajapita.

Mfukoni ametoa saa ya mashine yake, imefungwa kwenye leso. Ameivisha kwenye bomba langu. Imeingia kama iliyozaliwa pale. Akanipima: kumi na mbili kwa nane. Tansiyo ya kijana, anasema. Ya kwake kumi na saba, ya juu mno.

Amekaa hadi karibu magharibi. Mke wake, mama Tshiela, alikwenda Kasai mtoto wao wa pili alipojifungua. Aliandika atarudi mvua zikiisha. Zimeisha mara mbili.

Nami nikamngoja aseme la Ijumaa. Akalisema, bila kunitazama, huku anakunja kitambaa cha mashine.

"Ile Ijumaa nilikuona unasali wima. Nikasema, asante Mungu, Asumani iko muzima. Sasa atavuka barabara."

Na msumeno, anasema, alikuwa ameshautoa, tangu Jumatano ile niliyoanguka. Alikuwa ameuweka barazani.

Kwa hiyo ni kweli ananichunguza! Nimemwongezea chai.

Jumapili, 18 Aprili

Wiki haikuleta kitu. Mashine imekamilika, lakini Bulaimu amewaambia watu nilimvimbisha mkono, na mtaa mzima sasa unashusha mikono ya mashati ukipita mlangoni kwangu.

Alhamisi Mukuna alikuja. Ijumaa alikuja, na kwao ilikuwa siku ya kufunga. Jana alikuja na kuku hai, akaniomba nichinje kwa mkono wangu. Nikachinja, sikuuliza. Leo ni Pasaka yao, nikadhani nitapumua. Akaja toka misa na yule kuku ameshapikwa, yeye mwenyewe amempika, chumvi nyingi. Alitaka nichinje ili nami nile bila wasiwasi. Tukamla wote. Akacheka mpaka vikombe vikatikisika. Nikapimwa: kumi na mbili kwa nane. Yake imeshuka, kumi na tano. Amesema ni chai yangu. Hajui anachosema, chai ni ya kawaida.

Ameondoka sasa hivi na nimepata akili mpya! Donatien anarudi Jumanne, na safari hii ana kifaa cha masikio, kidogo, cha kubana nyuma ya sikio. Kiziwi, watu humkalia karibu. Humsemesha taratibu, wanamshika bega asikie. Kwa nini sikukifikiria mapema! Nitampa meza.

Tatizo ni moja. Uziwi unataka mazoezi, na Mukuna anafika saa kumi kamili kila siku ya Mungu, anaongea mpaka magharibi. Kreti yake hata harudi nayo tena, ameiacha pale pale kilipokuwa kiti. Nimeifuta, maana kesho ni Jumatatu. Lakini mtu akijazana hivi nyumbani, nitapata saa ngapi nafasi ya kutafuta wageni?

Wageni wa wiki hii: hakuna.