Visanduku Thelathini na Vitatu

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Kupandisha Reli Vilimani iliutangazia umma kwamba treni nyepesi haitaishia tena mjini, bali itapanda hadi mitaa yote ya miinukoni. Siku ya kwanza, nauli bure.

Kazi ya kulifupisha tangazo ilimwangukia karani, dada aliyeishia darasa la saba, mwenye subira ya kupanga foleni ya maji. Ubao wa idara ulikuwa na visanduku thelathini na vitatu, kila kimoja herufi moja, na nafasi kati ya maneno nayo ilihesabiwa herufi, kwa mujibu wa kanuni. Karani alihesabu kwa vidole, vya mikono na vya miguu, vikamwishia, akaazima vya mhudumu wa chai. Mwisho akapata: WAKAZI WA VILIMANI WATAPANDA BURE.

Neno TRENI lilikosa pa kukaa. Lakini nani asiyejua kwamba kwenye reli hupandwa treni? Akajiona bingwa, akajimiminia chai ya pili.

Reli iliitwa nyepesi, na kweli, mwaka mzima haikuonekana kwa macho. Kilichoonekana ni ukanda wa ardhi uliolimwa na matingatinga, na wakazi ni watu watiifu. Walipanda.

"Mwanangu," mama mmoja wa miinukoni alifika kaunta, jembe begani, "kupanda tumepanda. Maharage yametoka, maboga ndiyo usiseme. Mbolea mnaleta lini?"

Karani aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ubingwa wote ule, kumbe kichwa maji! Akakimbilia kwa Mkurugenzi.

"Bosi, lile tangazo nimeliboronga. Naomba tulirekebishe."

"Liligongwa muhuri?"

"Liligongwa."

"Basi halina kosa. Chenye muhuri hakirekebishwi, kinatekelezwa. Ila Waziri anakuja kesho kukagua. Akinuna tu, wewe fungasha."

Kesho yake karani alifika na kikombe chake na kandambili zake za ofisini vikiwa tayari kwenye mfuko, asije akamchelewesha mtu kumfukuza.

Waziri alishuka garini, akautazama ukanda mzima wa kijani. "Hiki nini?"

"Awamu ya kwanza, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu, jasho likimtiririka.

Akina mama wakapiga vigelegele. Waziri akalipapasa boga moja, akatabasamu. "Treni nimeahidi mara tatu, sijawahi kushangiliwa hivi! Wazo la nani?"

"Langu," alisema Mkurugenzi, kabla karani hajafungua mdomo.

"Kuanzia kesho utapanda cheo. Karani, tangazo liende ubaoni sasa hivi!"

Karani alihesabu. Safari hii hakuazima kidole cha mtu. KUANZIA KESHO MKURUGENZI ATAPANDA. Visanduku vikajaa pomoni. Alitafuta kwa moyo safi neno la kupunguza ili CHEO lipate pa kukaa, hakuliona. Waziri akagonga muhuri bila kusoma. Alikuwa anatafuta mfuko wa kubebea boga.

Asubuhi mama yule akarudi kaunta. Leo alikuwa na majembe mawili.

"Bosi wako yuko wapi? Tuta lake limeshapimwa."

Mkurugenzi alitoka mbio hadi ubaoni, akasoma, akasoma tena. Akarudi taratibu.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hebu tulirekebishe hili."

Karani alitoa kikombe mfukoni, akakirudisha mahali pake mezani.

"Limegongwa muhuri, bosi," akasema, akimpokea koti.