Kuku wa Mama Mkwe Katika Kiti cha Kaimu

Serikali ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba suala la kuku yupi ni mpole halitaachwa tena mikononi mwa wananchi. Ndiyo maana ikaundwa Idara ya Upole wa Kuku kwa Wafugaji Wanaoanza, na juu yake akawekwa Kaimu Mkurugenzi, mtu mfupi mwenye subira ndefu.

Kaimu alitamani jambo moja tu duniani: neno "kaimu" liondolewe mlangoni pake. Na kazi alichapa. Kuchi, wale kuku wa kupigana, walienguliwa katika kikao cha kwanza kabisa, baada ya jogoo wao kumrarua mjumbe suruali bila kupitia kwa mwenyekiti. Maombi ya wananchi waliotaka ushauri yalipofika, Kaimu hakuyatupa hata moja. Aliyapanga vizuri juu ya kiti, akayakalia, na hapo kidevu chake kikaonekana juu ya meza kama cha mkurugenzi kamili.

Ombi la chini kabisa lilikuwa la mama mkwe wake. Alitaka kujua aanze na kuku wa aina gani, asiyedonoa wajukuu. Kila akiuliza, aliambiwa mchakato unaendelea. Mwishowe alichoka, akaja ofisini na tetea kishingo, wale wa shingo isiyo na manyoya, kwapani.

"Mwanangu, mkague huyu, kisha uniambie," alisema.

Nani amkatalie mama mkwe? Kaimu alimpokea tetea kwa mikono miwili, akamwacha ofisini kama kielelezo, akaenda zake semina ya kutafuta maana ya upole. Semina ilikuwa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa hiyo maana ilichelewa kupatikana, ikabidi waongezewe muda.

Alirudi siku ileile Waziri alipokuwa anakuja kumthibitisha. Kufungua mlango, kishingo yuko kitini, juu ya maombi, anaatamia. Kaimu akataka kumshusha. Mama mkwe, aliyekuwa akija kila asubuhi kumletea maji na mtama, akamkumbusha kwa adabu kwamba mwongozo pekee ambao idara imewahi kuukamilisha unakataza kumbughudhi kuku anayeatamia. Saini ilikuwa ya Kaimu mwenyewe.

Waziri akaingia, akamkuta Kaimu amesimama na kuku amekaa.

"Haya maombi umeyaatamia tangu lini?" aliuliza.

"Tangu idara ianze, mheshimiwa."

"Kumetoka nini?"

Kabla Kaimu hajafika kwenye mchakato, kifaranga kikachungulia chini ya bawa la kishingo, kikalia. Kikafuata kingine. Waziri alitazama kwa muda mrefu, maana alikuwa hajawahi kuona ofisi yake yoyote ikitoa kitu. Akanyoosha kidole taratibu, akamgusa kishingo mgongoni. Hakudonolewa.

Kishingo akathibitishwa palepale. Mama mkwe naye akawa amepata jibu lake. Kaimu akabaki kaimu, wa kukalia kiti pale mkurugenzi anaposhuka kula.

Walipobaki wawili, mama mkwe alimwona mkwewe machozi yamemlengalenga, akamhurumia kweli. Akamtilia mtama kiganjani.

"Usikimbilie kumshika, baba. Mlishe kwanza, akuzoee. Kwa mtu anayeanza kazi, huyu ni mpole sana."