Pete Yangu Ilikuwa Bati, Naomba Ibaki Bati

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Masonara.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: SONARA WENU KUIGEUZA PETE YANGU KUWA PLATINAMU BILA RIDHAA YANGU

Nakusalimu kwa heshima, ingawa wiki hii sina nyingi. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mkamwana aliyedhulumiwa. Cheo hicho cha mwisho nilikizoea kuliko vyote, na ndicho alichonipokonya Jumanne asubuhi sonara wenu wa duka lenye mlango wa kijani.

Siku ya harusi yangu mama mkwe alitia mkono kwenye kopo la misumari la marehemu baba mkwe, akatoa kipete cha kijivu, akakifuta kwa upindo wa gauni lake na kunivisha mbele ya watu. Akasema hicho ndicho kinachonifaa. Wanasema chanda chema huvikwa pete. Changu kilivikwa bati, nami nikalivaa makusudi ili kila mtu alione.

Juzi wifi yangu akaniambia nimezidi kumsema mama yake. Nikamjibu, haya, twende kwa sonara akuandikie kwa mkono wake kwamba ni bati, na wewe uwe shahidi. Ama kweli, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe! Malalamiko yangu ni haya:

1. Sonara alianza na sumaku. Pete haikunasa. Angeweza kuishia hapo, maana alikiri mwenyewe kwamba zipo metali nyingi zisizonasa, na sumaku peke yake si ushahidi. Mtu mwenye huruma angefunga duka akanywe chai.

2. Badala yake aliiweka kwenye mizani, kisha akaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji, akapima tena, akapiga hesabu, akaguna. Eti kwa udogo ule, fedha isingekuwa nzito kiasi hicho, na hata dhahabu ya vito inaachwa nyuma. Uzito huo mimi naujua, Ndugu Mwenyekiti. Siku zote nilidhani ni uzito wa dharau.

3. Akaisugua kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali juu ya mchirizi. Nilisubiri uyeyuke. Niliomba uyeyuke! Ukabaki palepale unang'aa. Halafu akachukua lenzi akasoma ndani ya pete "Pt 950", yaani platinamu halisi, maandishi ambayo mimi nilijua ni namba ya spana. Wifi yangu, mdomo kaya yule, akapiga vigelegele mle mle dukani, na kufika saa sita mchana ukoo mzima ulikuwa na habari.

4. Hasara za nyumbani. Miaka yote hii, mume wangu akianza ubishi, nilikuwa nainua kidole chenye pete tu. Sisemi neno. Ananyamaza, anakusanya sahani, anaosha. Jana niliinua kidole akaniuliza kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku hizi anajibu, na sinki limejaa.

5. Jumapili saa nne nimeitwa kikao cha ukoo, nimpigie mama mkwe magoti na kumwomba radhi mbele ya mashemeji wote. Tena nisikufiche, kinachoniuma si magoti. Labda yule mama alinipenda tangu siku ile, nami nimemnunia miaka kumi na tisa bure. Nimekula kwake bila kusema asante. Juzi nililia juu ya gauni la mteja hadi ikabidi nilipige pasi upya.

Kwa hiyo naomba sonara atangaze kwamba alikosea. Mizani yake ikaguliwe pamoja na yale maji ya glasi. Na kuanzia sasa isipimwe pete yoyote iliyotoka kwa mkwe bila idhini ya maandishi ya mkamwana. Platinamu yenyewe nayo ionywe. Ingekuwa na adabu, ingejitambulisha siku ya harusi.

Wasalimie wajumbe wote, wake kwa waume, na mizani zao zote isipokuwa ile moja.

Wako mwenye masikitiko,
Fundi Cherehani wa Duka la Kona
(aliyekuwa mdhulumiwa)

Nyongeza: Barua hii sikuwahi kuituma kabla ya Jumapili. Nimepiga magoti na kusema yote, kwa machozi. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, kisha akauliza platinamu ndiyo kitu gani. Shemeji akamweleza kwamba ni metali ya thamani kama dhahabu. Akanyoosha mkono, akataka arudishiwe pete yake, kwani siku ile alidhani ni kipande cha bomba, na kitu cha maana asingempa mtu kama mimi.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa sahihi tangu mwanzo! Nimemjibu kwa heshima zote kwamba chanda chema huvikwa pete. Tafadhali futa malalamiko yangu yote. Mwambie yule sonara, fundi hodari kabisa, aniandikie cheti cha platinamu chenye mhuri, nakala mbili: moja ya mama mkwe, ya pili nitaibandika juu ya sinki. Nimeinua kidole tangu tulipotoka kikaoni, na hapa ninapoandika mume wangu anasuuza sufuria.