Kaz na Pipa la Kabichi

Jumatatu, 6 Novemba 1961
Riwaya yangu ya tisa ya upelelezi imeingia madukani hapa Buffalo leo. Badala ya kufurahi, nimejifungia chumbani. Kisa chenyewe nilipewa na Kaz Drozd, askari kanzu mstaafu, rafiki yangu wa pekee. Alinisimulia akilia: siku jambazi alipomuua askari mwenzake kazini, yeye alikuwa kajificha nyuma ya pipa la kabichi chachu. Hata mkewe hajui. Nikaapa sitasema. Na sikusema! Niliandika tu. Jina nilibadilisha, mji nilibadilisha. Kabichi nikaiacha ibaki. Ilinoga mno.

Mke wangu Mavis kasoma kurasa mbili, kaniuliza, "Huyu si Kaz?" Nimemjibu kwamba hajui fasihi.

Jumanne, 7 Novemba
Mpango! Kaz hawezi kusoma kitabu ambacho hakipo. Nimevaa kofia na miwani ya jua, nimezunguka maduka yote, nimenunua kila nakala. Bi Haskins wa duka la Mtaa wa Elmwood kaniuliza, "Bwana Purcell, miwani ya jua kwenye theluji hii?" Nimesema mimi si Purcell. Akaniomba nimsainie nakala moja. Nikasaini. Lo!

Alhamisi, 9 Novemba
Balaa. Bi Haskins hajawahi kuona kitabu changu kikiisha siku moja. Kaagiza maboksi mengine, kajaza dirisha zima. Gazeti la jioni limeandika kwamba mwandishi wa Buffalo anagombaniwa. Mimi! Tangu nianze kuandika, hakuna aliyewahi kunigombania. Nimeikata habari hiyo, nimeibandika ukutani. Kisha nikamkumbuka Kaz, nikajitupa kitandani na viatu vyangu.

Ijumaa, 10 Novemba
Kila Ijumaa mimi na Kaz hula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, meza ileile. Leo kaja na kitabu kwapani. Hakufoka. Heri angefoka! Kafungua ukurasa wa mwanzo, penye tabaruku: "Kwa K.D., aliyenipa kila kitu." Lahaula! Hiyo niliisahau kabisa. Kaz akasema, "Vingine nilikupa kweli, Leland. Hiki ulichukua."

Akaondoka bila kugusa sahani yake. Samaki wake nimemla mimi, maana angepoa. Hakushuka vizuri. Nimemkosea mtu mwema, na najua.

Jumatano, 15 Novemba
Simu yangu hapokei. Nimeandika barua ndefu ya kuomba radhi. Mavis kaisoma, kasema ni nzuri, ila kwa nini katikati kuna maiti? Nimeichana. Kasema, "Nenda kwa miguu yako, mume wangu, ukaombe msamaha kama watu."

Ijumaa, 17 Novemba
Nimeenda. Kaz kafungua mlango, kanitazama mpaka masikio yangu yakaganda. Nimelia. Kilio cha kweli, sikukipanga. Kasema, "Ingia bwana, unaaibisha mtaa." Kasema pia kwamba umri wake si wa kutafuta rafiki mwingine. Tukaenda kula samaki wetu. Sijawahi kula samaki mtamu vile.

Tulipomaliza, akaniinamia. Kumbe kila theluji ikianguka, huamka alfajiri akaenda kuizoa mlangoni kwa mjane wa yule mwenzake. Mjane hajui. Anadhani ni watu wa manispaa, na kila Krismasi huwapelekea keki. Wao hula na kunyamaza. Kaz alicheka, kisha akanishika mkono. "Likitoka hili, Leland, yule mama nitamtazama kwa uso gani?" Nimeapa kwa kaburi la mama yangu. Nimeapa kwa moyo wote, tena kwa machozi.

Sasa niko nyumbani, mbele ya taipu. Theluji nitaigeuza majani makavu. Mjane atakuwa mzee mmoja kipofu. Lakini keki ya manispaa, hapana, keki haitoki. Inanoga mno.