Mambo Kumi na Manne ya Kujua Kabla ya Kwenda Roma

Jumapili, 3 Septemba 2006
Leo jumuiya imesali nyumbani kwa dada Dorothea, Bladensburg, huku Marekani. Habari kubwa! Mdogo wake, Sista Anna, anaweka nadhiri za daima kule Roma tarehe 23. Hawajaonana miaka kumi na moja. Dorothea, anayeogesha wazee wa watu siku sita kwa wiki, ameomba likizo na tiketi kakata. Akauliza nani anaijua Roma. Kipchumba, yule Mkenya wa kompyuta wa Herndon, akasafisha koo. Nikamuwahi. Nikasema Roma naijua, nilipita mwaka tisini na saba. Na kweli nilipita. Saa sita nzima ndani ya uwanja wa ndege, nikisubiri ndege ya kuja huku. Nilichokiona ni vioo na mtu anafagia. Hilo sikulisema. Dorothea akaniongezea ndizi.

Jumanne, 5 Septemba
Nimetoka ghalani Landover moja kwa moja hadi maktaba. Nimeazima kitabu cha kuongoza wageni Roma. Kinene, kina ramani na kila kitu. Nimesoma mpaka macho yanauma. Laiti ningesoma hivi shuleni, nisingekuwa nabeba maboksi.

Jumapili, 10 Septemba
Siku yangu! Nimehutubia jumuiya nzima baada ya sala. Raba miguuni, Roma ni mawe matupu. Kanisani mabega yafunikwe. Kahawa inywewe umesimama, ukikaa bei inapanda. Tiketi ya treni igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Chupa ijazwe kwenye mabomba ya mtaani, maji ni safi. Pochi ivaliwe mbele. Yakafika mambo kumi na manne. Dorothea kayaandika yote kwenye daftari, kwa namba.

Kipchumba, kwa wivu wake, akauliza habari ya viza. Nikacheka. Nikamwambia ukurasa wa tisa umesema wazi: viza haihitajiki, pasi tu. Tena sisi tuna grini kadi, ndugu yangu, hatujaja jana. Watu wakacheka. Akarudi kwenye chapati yake. Dorothea kaniita mwalimu. Kila siku ananiita kaka, na ukaka huo umenichosha.

Jumatano, 20 Septemba
Sijui niandike nini. Yesu na Maria.

Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles mwenyewe, gari nimeliosha. Alivaa raba mpya nyeupe. Sandukuni kuna kitenge cha sherehe na karanga alizokaanga, maana Anna anazipenda tangu utoto. Dada wa kaunta akafungua pasi ya Tanzania, akaipekua kurasa zote, akauliza viza iko wapi. Dorothea akanigeukia. Nikamwambia atoe grini kadi. Akatoa. Dada akasema hiyo ni ya kurudia Marekani, si ya kuingilia Italia.

Nikatoa kitabu. Ndiyo, nilikwenda nacho! Dada akausoma ukurasa wa tisa kwa upole kabisa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Raia wa Marekani. Raia! Miaka tisa nasoma vitabu vya nchi hii nikidhani vinaongea na mimi.

Viza haipatikani kwa siku tatu. Dorothea hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa juu ya sanduku, akafungua daftari, akapitia yale mambo kumi na manne kwa kidole, kana kwamba ameruka moja. Hakuruka. Mimi ndiye niliyeruka. Aliposhuka garini Bladensburg akasema asante kwa lifti, Bwana Cosmas. Bwana!

Alhamisi, 21 Septemba
Sili, silali. Najuta kuanzia unyayo. Lakini nina mpango. Misa ni saa kumi na moja jioni Roma, kwetu saa tano asubuhi. Sista mwenzake Anna ana simu ya mkononi, ataishika karibu na altare. Dorothea atasikia kila neno! Alitaka kutumia kadi ya simu aliyoizoea. Nikamkatalia. Yangu ina dakika mia tatu, imeandikwa mbele kwa rangi nyekundu.

Jumamosi, 23 Septemba
Dorothea kavaa kitenge chake, na zile raba. Simu mezani, spika wazi. Kipchumba naye kaja, hakualikwa na mimi. Masista wakaimba, sote tukainamia simu. Wakaanza kuitwa kwa majina, wako sita, Anna ni wa tano. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Halafu mwanamke wa kwenye kadi akatutangazia kwamba muda wetu umekwisha.

Dakika mia tatu kwa dakika ishirini na mbili! Kumbe kupigia simu za mkononi kuna hesabu yake, imeandikwa nyuma, herufi kama sisimizi. Dorothea akaliita jina mwenyewe, kwa sauti ndogo, mbele ya simu iliyokufa. Anna.

Kipchumba akatoa simu yake, akapiga, akapiga tena. Ilipopokelewa, Anna alikuwa amekwisha kuapa. Ndugu wawili wakalia pamoja nusu saa. Nami nililia, ila jikoni, nikiosha sahani zilizokuwa safi.

Jumapili, 1 Oktoba
Nimeapa. Kuanzia leo mdomo huu ni wa kulia chakula tu. Nimerudisha kitabu maktaba. Nimemwomba Dorothea msamaha mbele ya jumuiya, akasema yameisha. Bado Bwana Cosmas, lakini kanipa ndizi.

Kisha akatoa habari njema. Mama Mkuu kamruhusu Anna aje Bladensburg Krismasi! Machozi yakamtoka. Akamgeukia Kipchumba, si mimi, akamuuliza kama Anna naye atahitaji viza ya kuingia Marekani, maana safari hii hataki kukosea.

Kipchumba akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema mtawa kutoka Roma kabisa? Nani atamsimamisha? Shela yake ndiyo viza!

Kipchumba akajifunika uso kwa mikono miwili. Wivu tu.