Nywele Moja, Kuku Moja

Kalombo alitoka Kisenge juu ya kinga, baiskeli yake ya zamani, na koti moja ya abacost, na bluzi nyeupe ya infirmier, muuguzi mwenye alikuwa angali anaitafuta. Ku mutaa wa Dilala akapita pa kinyozi, akaona ajabu: kila mutu akimaliza kunyolewa, anaokota nywele yake yote, anaifunga mu karatasi, anaenda kuichoma kwake. Juu nywele yako ikiangukia mutu mubaya, umekwisha.

"Bajinga!" Kalombo akacheka. "Lakini kitu chenye bantu banachunga hivi kiko na beyi."

Kesho yake akaweka meza mu avenue, na mashini: radio ya kufa yenye taa nyekundu.

"Bamama! Bwana zenu banachimba ku Mutoshi, vumbi ya mukuba, shaba yenyewe, inaingia mu damu, inatokea mu nywele. Bazungu ba Ulaya banaipima. Na mi napima! Nywele moja, kuku moja!"

Bamama bengine bakaleta kuku nane. Ndaya, bwana yake Mukalay anakohoa tangu mvua ya kwanza, alikuwa na jike moja tu, ya mayai ya batoto. Akailetea Kalombo, na nywele ya Mukalay.

Taa ikawaka. "Aksidenti, mama! Huyu mukuba yake inaweza kutosha sufuria mbili. Anywe majani ya mapera."

Ndaya akarudi analia. Mama mukwe, Tshibola, akamusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua wembe, akafunga mbuzi yake kamba, akaenda.

"Doktere, mi nazeeka, naogopa mashini. Jipime wewe kwanza, nione. Ikikosa kukuua, mbuzi ni yako."

Kalombo akaangalia mbuzi, akainamisha kichwa. Tshibola akanyoa pole pole, yote, mpaka kichwa ikang'aa kama sahani. Nywele akaifunga mu kipande ya kitenge, akaitia mu kifua.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Kwangu. Si unasema ni kitu ya kupima? Niko na rafiki mu pori, naye anapimaka. Ukiamuka kesho, mbuzi ni yako."

Kalombo akacheka. Akapanda kinga na kuku zake tisa. Hatua kumi, kichwa ikaanza kumuwasha. Ishirini, akakumbuka ile maneno ya mutu mubaya. Akarudi mbio.

"Mama, tafazali! Nirudishie!"

"Nywele moja, kuku moja."

"Lakini niko na kuku tisa tu!"

"Basi utapata tisa."

Tshibola akahesabu nywele tisa, moja moja, na uvumilivu wa mutu mwenye kuchagua muchele. Nywele ya Mukalay akaipata bure. Kisha Kalombo akatoa na kinga, akapata nywele kumi ingine. Na kinga ile Mukalay akaenda ku dispansere ya kweli, bakamupa dawa, kikohozi kikaisha.

Mpaka leo, kila mwezi, mutu moja wa Kisenge anashuka na kuku mu kwapa, ananunua nywele yake moja.

Nywele ya kweli ya Kalombo, Tshibola aliichoma siku ileile, yeye si mutu mubaya. Njo maana mbuzi yake inaanza kuwa na upara.